John Scott Haldane: Mwanasayansi aliyeifundisha dunia kuipima hewa ya uhai

MGONJWA aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi hawezi kusema iwapo oksijeni anayopewa inamtosha, imempungukia au imemzidi. Madaktari na wauguzi ndio wanaomsemea, wakiongozwa na tarakimu za mashine na vipimo vya damu yake.

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, tarakimu hizo zina uzito wa pekee. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa ya huko kama ilivyo Mombasa, lakini mgandamizo wa hewa yenyewe ni takriban asilimia 82 tu ya ule wa pwani.

Hivyo basi, mashine iliyowekwa kutoa asilimia 40 ya oksijeni mjini Kisii humpa mgonjwa kiasi kinachokaribiana na asilimia 32 katika hospitali iliyo ufuoni mwa Bahari Hindi. Tarakimu ni ile ile, dawa si ile ile.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kupita wengi wa zama zake kuonyesha kwamba oksijeni ni dawa, na kwamba kila dawa hupimwa kwa mwili wa anayeitumia na mahali alipo, ni John Scott Haldane, daktari mzaliwa wa Scotland aliyefariki mwaka wa 1936. Jina lake halitajwi sana nje ya vyuo vya utabibu, ilhali kazi yake inagusa kila wodi yenye mtungi wa oksijeni.

UKOO WA WATU MASHUHURI

Haldane alizaliwa Mei 1860, jijini Edinburgh, katika ukoo wa watu wenye mali na elimu. Kaka yake, Richard, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza kuanzia mwaka wa 1905. Dada yao, Elizabeth, alijipatia sifa kama mwandishi na mpiganiaji wa masuala ya jamii.

John alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1884, baada ya kusoma pia kwa muda mjini Jena, Ujerumani. Badala ya kufungua kliniki na kusubiri wagonjwa, aliamua kuichunguza hewa ambayo watu walikuwa wakiivuta kila siku.

Kazi hiyo aliianzia Dundee, mji wa viwanda ambako wafanyakazi maskini waliishi kwa kubanana. Yeye na wenzake waliingia usiku katika nyumba za chumba kimoja, wakakusanya hewa ndani ya chupa huku wenyeji wakiwa wamelala, kisha wakailinganisha na hewa ya nyumba za wenye nafasi. Ripoti yao ilitolewa mwaka wa 1887.

Katika kipindi hicho hicho alishuka katika mitaro ya majitaka, ikiwemo ile iliyopita chini ya jengo la Bunge la Uingereza. Watu wengi waliamini kwamba hewa ya mitaro ndiyo iliyosambaza maradhi. Vipimo vilionyesha kwamba hewa hiyo ilikuwa na vijidudu vichache kuliko ilivyodhaniwa. Huo ukawa mtindo wake wa maisha: kwenda mahali penyewe, kupima, kisha ndipo kusema.

Baadaye alihamia Oxford, ambako mjomba wake, John Burdon-Sanderson, alikuwa profesa wa elimu ya utendaji kazi wa mwili. Mwaka wa 1891 alimwoa Louisa Kathleen Trotter. Walijaliwa watoto wawili: J.B.S. Haldane, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri, na Naomi Mitchison, mwandishi wa vitabu vingi aliyeishi hadi mwaka wa 1999.

KIFO NDANI YA MIGODI

Mnamo Januari 1896, mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, na kuua zaidi ya wachimbaji 50. Haldane alitumwa kuchunguza chanzo cha vifo hivyo.

Dhana iliyokuwapo ni kwamba wachimbaji huuawa na kishindo cha mlipuko na moto. Haldane aliichunguza miili na kupata kwamba wengi walikuwa na ngozi yenye wekundu usio wa kawaida. Walikuwa wameuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huiganda chembe nyekundu ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Gesi hiyo alikuwa ameijua kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya mkasa huo aliivuta kwa makusudi katika maabara, akiandika dalili moja baada ya nyingine, hadi zaidi ya nusu ya damu yake ikawa imetekwa na miguu ikakaribia kumshinda. Aliona kwamba panya aliyewekwa kwenye hewa hiyo hiyo huzidiwa mapema zaidi kuliko binadamu, kwa sababu mwili mdogo hutumia oksijeni kwa kasi kubwa.

Kutokana na ugunduzi huo, alipendekeza wachimbaji washuke migodini na wanyama wadogo. Ndege aina ya kanari ndio waliopata umaarufu zaidi, na waliendelea kutumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka wa 1986.

Gesi iliyowaua wachimbaji wa Tylorstown ndiyo hiyo hiyo inayotoka katika jiko la makaa. Familia inayofunga milango na madirisha usiku wa baridi, jiko likiwa linawaka ndani, imo katika hatari ile ile. Hapo pana mtego mwingine kwa mhudumu wa afya: kifaa cha kawaida kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hushindwa kuitofautisha damu iliyobeba kaboni monoksidi na ile iliyobeba oksijeni. Mgonjwa anaweza kuonekana salama kwenye kioo huku akiangamia.

Haldane alionyesha pia kwamba wanyama waliotiwa sumu hiyo waliweza kuendelea kuishi endapo wangepewa oksijeni yenye mgandamizo mkubwa. Kwake, oksijeni ikaanza kuwa tiba yenye kipimo.

KILA MTU NA KIWANGO CHAKE

Mwaka wa 1905, akishirikiana na John Gillies Priestley, Haldane alichapisha utafiti uliobadilisha elimu ya upumuaji. Walionyesha kwamba, katika hali ya kawaida, kinachoamuru pumzi ni kaboni dioksidi iliyo mwilini. Ikiongezeka kidogo tu, mtu huhema kwa nguvu. Ikipungua, pumzi hutulia.

Jambo jingine lilijitokeza katika vipimo hivyo. Kiwango cha kaboni dioksidi mapafuni hakikubadilika sana kwa mtu yule yule, lakini kilitofautiana baina ya mtu na mtu. Kila mwili ulikuwa na kituo chake. Wazo hilo ndilo linalorudi leo, zaidi ya karne moja baadaye, pale wataalamu wanapozungumzia kumpa kila mgonjwa oksijeni inayomfaa yeye.

Mtindo wake wa kutumia miili ya walio hai kama maabara haukuwaacha hata watoto wake. Inasimuliwa kwamba alimshusha mwanawe mgodini akiwa bado kijana mdogo, akamtaka asimame na kuikariri hotuba ya Antony katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Kabla hajafika mbali kijana huyo aliishiwa pumzi na kuanguka. Alipofika chini alipumua vyema, akajifunza kwa njia asiyoweza kuisahau kwamba gesi ya methani ni nyepesi na hukaa juu.

Mwaka wa 1908, yeye na wenzake walitoa majedwali ya kuwaongoza wapiga mbizi kuibuka kutoka vilindini kwa hatua, baada ya majaribio mengi yaliyofanyiwa mbuzi. Majedwali hayo yaliokoa maisha ya mabaharia wengi.

KILELENI PIKES PEAK

Safari inayowahusu zaidi wakazi wa milimani ni ile ya mwaka wa 1911. Haldane, akiandamana na C. G. Douglas wa Oxford pamoja na Wamarekani Yandell Henderson na Edward Schneider, alipanda Pikes Peak, mlima wa takriban mita 4,300 katika jimbo la Colorado, Marekani. Walikaa kileleni kwa takriban majuma matano.

Mlima huo ulifaa kwa sababu ulikuwa na reli. Watalii walifika juu kwa garimoshi, midomo ikiwa imegeuka samawati, wengine wakitapika na kuzirai. Wanasayansi wenyewe waliugua siku za mwanzo, kisha miili yao ikazoea. Walianza kuhema kwa kina zaidi, na damu yao ikaongeza chembe za kubebea oksijeni.

Mwanachama mwingine wa kundi hilo, Mabel FitzGerald, alizunguka peke yake katika miji ya migodi ya Colorado, akipima pumzi na damu ya watu walioishi katika miinuko mbalimbali. Alionyesha kwamba mwili hujirekebisha hatua kwa hatua kulingana na mwinuko, hata ule usio mkubwa sana. Chuo Kikuu cha Oxford, ambacho wakati wa masomo yake hakikuwapa wanawake shahada, kilimtunuku shahada ya heshima mwaka wa 1972, akiwa na umri wa miaka 100.

Mkulima wa majani chai wa Nyamira ni mmoja wa watu ambao kazi ya FitzGerald inawaeleza. Damu na pumzi yake vimezoea hewa ya juu. Akilazwa mahututi, daktari hana budi kukumbuka mwinuko anaoishi mgonjwa wake kabla ya kuamua ni kiwango kipi cha oksijeni kilicho cha kawaida kwake.

KOSA LILILODUMU

Pikes Peak ilizaa pia kosa kubwa la maisha ya Haldane. Aliamini kwamba katika miinuko mikubwa mapafu huisukuma oksijeni kuingia katika damu kwa nguvu yake yenyewe, kama tezi inavyotoa majimaji.

August Krogh na mkewe Marie, wa Denmark, walikuwa tayari wameonyesha mwaka wa 1910 kwamba oksijeni hupenya yenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Joseph Barcroft wa Cambridge aliongeza ushahidi mwaka wa 1920, alipojifungia kwa siku kadhaa ndani ya chumba chenye oksijeni haba.

Haldane hakuiacha imani yake kikamilifu hadi mwisho wa maisha. Hata hivyo, waliomsahihisha walifanya hivyo kwa njia aliyoifundisha yeye mwenyewe: kupima damu.

VITA NA GESI YA SUMU

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, havikuchelewa kufika Gusii. Mnamo Septemba 12, 1914, wanajeshi wa Uingereza na wale wa Ujerumani waliotokea upande wa Tanzania ya sasa walipigana Kisii. Wanaume wa jamii hiyo, kama wenzao kutoka pembe nyingine za nchi, waliandikishwa kuwa wapagazi wa jeshi. Maelfu ya wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki waliangamizwa na maradhi.

Huko Ulaya, Aprili 22, 1915, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Haldane alitumwa Ufaransa mara moja kuwachunguza waathiriwa, na akathibitisha aina ya gesi iliyotumika. Aliporudi Oxford, yeye na wenzake walijifungia ndani ya chumba kilichotiwa klorini ili kujaribu barakoa za kuwakinga askari.

Uchungu wa kipindi hicho ulikuwa mara mbili. Wakati John alipokuwa akiyahatarisha mapafu yake kwa ajili ya askari wa Uingereza, kaka yake Richard alikuwa akisakamwa na magazeti kwa madai kwamba aliipenda Ujerumani. Mnamo Mei 1915 aliachwa nje ya serikali.

Waathiriwa wa gesi walikufa polepole, mapafu yakijaa maji kana kwamba wamezama nchi kavu. Mtindo wa hospitali nyingi ulikuwa kumwekea mgonjwa faneli karibu na uso na kuiacha oksijeni ipulize. Nyingi yake ilipotea, na hakuna aliyejua mgonjwa amepata kiasi gani.

Haldane aliunda kifaa chenye barakoa iliyobana uso, vali ya kupunguza nguvu ya mtungi na kipimo kilichoonyesha lita kwa dakika. Kuanzia hapo tabibu aliweza kuanza na kiasi kidogo, kuangalia rangi ya mgonjwa, kisha kuongeza au kupunguza. Mwaka wa 1917 alieleza njia hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza, akisisitiza kwamba oksijeni itolewe mfululizo na kwamba ukosefu wake huharibu viungo vyenyewe, mbali na kuvisimamisha.

Wakati huo huo alijua hatari ya kuzidisha. Rafiki yake, James Lorrain Smith, alikuwa ameonyesha mwaka wa 1899 kwamba oksijeni nyingi mno huyaunguza mapafu ya wanyama. Isitoshe, mwaka wa 1914 Haldane na wenzake walieleza jinsi oksijeni inavyoisukuma kaboni dioksidi kutoka katika damu, jambo linaloitwa hadi leo athari ya Haldane. Ni mojawapo ya sababu zinazowafanya madaktari wawe waangalifu wanapompa oksijeni mgonjwa mwenye maradhi sugu ya mapafu.

MIAKA YA MWISHO

Baada ya vita, Haldane alirudi kwa wachimba migodi. Alikuwa rais wa taasisi ya wahandisi wa migodi, na mwaka wa 1934 alitunukiwa nishani ya Copley, mojawapo ya heshima kuu za sayansi duniani.

Walioishi naye walimkumbuka kama mtu mpole aliyezama mawazoni. Inasemekana kwamba wakati mmoja, wageni wakiwa mezani, alipanda ghorofani kubadilisha mavazi kwa ajili ya chakula cha jioni, akavua nguo na kupanda kitandani kulala, akidhani siku imekwisha.

Akiwa na umri wa miaka 75, alisafiri hadi Uajemi na Iraq kuchunguza jinsi joto kali lilivyowaua wafanyakazi wa viwanda vya mafuta. Alirudi Oxford, akaugua nimonia na kuaga dunia usiku wa kuamkia Machi 15, 1936. Maradhi ya mapafu ndiyo yaliyomchukua mtu aliyeyatumikia mapafu ya wengine kwa nusu karne.

MADENI YALIYOSALIA

Vyumba vya wagonjwa mahututi vilianza baada yake, kufuatia mkurupuko wa ugonjwa wa kupooza jijini Copenhagen mwaka wa 1952, ambako Bjørn Ibsen aliongoza kazi ya kuwapumulishia wagonjwa kwa mikono. Mashine zilipoenea, oksijeni ilitolewa kwa ukarimu. Somo la kwanza la uchungu lilitoka kwa watoto njiti: katika miaka ya 1950 ilithibitika kwamba oksijeni iliyozidi iliwapofusha wengi wao.

Kwa watu wazima walio kwenye mashine, tafiti kubwa zilizochapishwa kati ya mwaka wa 2020 na 2025 zililinganisha viwango vya chini na vya juu vya oksijeni. Kwa wastani, tofauti ya vifo haikuonekana. Uchambuzi uliotolewa Marekani mwaka wa 2024 ulidokeza sababu: huenda kiwango kinachomfaa mgonjwa aliyeumia ubongo kikamdhuru mwenye maambukizi yaliyoenea mwilini, na kinyume chake. Wastani huzificha faida na hasara hizo. Jambo hilo bado linahitaji kuthibitishwa kwa majaribio mapya.

Afrika Mashariki nayo imechangia. Kati ya mwaka wa 2017 na 2020, watafiti nchini Uganda na Kenya waliwafuatilia watoto wenye nimonia kali ili kujua ni nani hasa anayehitaji oksijeni, na kwa njia ipi. Utafiti huo ulikatizwa kabla ya wakati, lakini ulionyesha kwamba swali hilo linaweza kuulizwa katika hospitali za hapa.

Kwa Kisii na Nyamira, ambako wagonjwa hupelekwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hali inapozidi, deni kwa Haldane linahusu vipimo. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni huficha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kipimo cha damu ya ateri ndicho kinachoondoa shaka, na kinahitaji mashine, kemikali za kuiendesha na mhudumu aliyefunzwa.

Tangu janga la Covid-19 lilipoingia nchini mwaka wa 2020, mazungumzo mengi yamekuwa kuhusu mitungi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hilo ni jambo la lazima, kwani mgonjwa aliyeikosa kabisa hana muda wa kusubiri. Lakini mtungi ukishafika kando ya kitanda, bado pana kazi ambayo Haldane aliianza na faneli za mwaka wa 1917: kujua mgonjwa huyu, katika mwinuko huu, mwenye maradhi haya, amepata kiasi gani na anahitaji kiasi gani.